Gusa Bega, Subiri Mkono

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Nzuguni halijaanza kuchoma mabati, Asma alifagia uwanja, akamwagilia mche wa mpapai, kisha akampelekea baba yake uji. Zamani uji huo uliambatana na maneno mengi. Mzee Hashimu, fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota, alikuwa mtu wa kusimulia na kutania, na kicheko chake kilisikika hadi kwa majirani. Siku hizi uji ulipoa kikombeni, na kila funda alilimeza akiwa amefumba macho kwa maumivu.

Kooni mwake mlikuwa na saratani. Daktari alisema waziwazi mbele ya familia nzima: Jumanne atafanyiwa upasuaji, na kisanduku cha sauti kitaondolewa. Mungu akipenda atapona, atapumua kupitia tundu shingoni, lakini sauti yake ile haitarudi. Sigara alizovuta tangu ujana hakuna aliyezitaja, ila pakiti ya mwisho aliitupa mwenyewe chooni siku ileile.

Mama yao, Mwanne, alilia mpaka macho yakavimba. Abbasi, kaka yake Asma, aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta chuoni Chimwaga, hakulia mbele ya watu. Alileta nyumbani kompyuta yake ya zamani, akaunganisha kipaza sauti, akaandika programu ya kurekodi.

"Baba aseme yote anayotaka kutuachia," alisema. "Majina yetu, salamu, wosia wake, hata hadithi zake za Kondoa. Sauti ikiondoka, ibaki humu."

Kwa kuwa yeye alilala chuoni, kazi ya kuwasha na kufunga ile programu alimfundisha Asma. Wakaketi mezani mbele ya dirisha jeusi la kuandikia amri.

"Programu ikiwa kazini," Abbasi alieleza, "ni kama baba akiwa amevaa kinyago cha kuchomelea. Hakuoni, hakusikii. Ukimtaka unafanyaje?"

"Namgusa bega."

"Halafu?"

"Nasubiri anyanyue mkono."

Kila mtoto wa nyumba ile aliijua sheria hiyo ya karakana. Ilikuwa marufuku kumpigia kelele fundi aliye kazini, na kuzima swichi kuu wakati mtu anachomelea lilikuwa kosa la kufukuzwa. Ulimgusa bega, ukangoja. Yeye alimaliza mshono wake wa chuma, akaweka vifaa chini, akanyanyua mkono. Hapo ndipo ulizima. Mzee Hashimu alipenda kusema kwamba mshono ulioachwa katikati huonekana mzima hadi siku geti linapomwangukia mtu.

"Basi na hapa ni hivyohivyo," Abbasi aliendelea. "Programu haizungumzi na wewe, inapokea ishara. Kuna ishara ya kuisimamisha kidogo, kama baba akikohoa, na nyingine ya kuiendeleza. Ukibonyeza Ctrl na C pamoja, programu nyingi hufunga papo hapo. Hii yangu nimeiambia isijali, maana vidole vyako navijua."

Asma alicheka.

"Ya kufunga kazi ni hii hapa. Unaandika kill, halafu namba ya programu. Usiogope jina hilo la kuua, hapo ni bega tu linaguswa. Ikiipata ishara hiyo inaacha kusikiliza, inachukua maneno iliyoyashika mkononi, inayaunganisha na yale iliyokwisha kuyaweka kwenye folda ya muda, inayahifadhi yote mahali pa kudumu, ndipo inafunga. Kompyuta yenyewe kizee, itachukua muda wake. Subiri mpaka iandike 'Tayari'. Huo ndio mkono wake."

"Na ikigoma kufunga?"

Abbasi alisita. "Ipo namba tisa. Unaandika kill, kistari, tisa. Hiyo sasa ni swichi kuu. Programu haiulizwi, haipewi nafasi ya kumaliza wala ya kukataa. Mfumo wa kompyuta unaikata hapohapo. Hiyo usiiguse kabisa."

Kijana wa watu alisema kwa nia njema. Hakufikiri kwamba alipokuwa akimkataza mdogo wake, alikuwa pia akimfundisha namna ya kufanya.

Jumamosi ya mwisho kabla ya upasuaji, mama alikwenda mjini kutafuta ndugu wa kuchangia damu. Mzee Hashimu alimwomba Asma awashe programu, kisha atoke nje. Alitaka kuwa peke yake. Asma alikaa kibarazani akichambua mchele, akaisikia sauti ya baba yake nyuma ya pazia, nzito na yenye mikwaruzo, ikipanda, ikishuka, ikikatika kwa kikohozi, ikianza tena. Iliendelea kwa muda mrefu.

Baba alipotoka, shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alishika fremu ya mlango.

"Nimemaliza," alinong'ona. "Maneno yako nimeyasema mwisho, nikiwa nimekwisha kuzoea. Funga taratibu, mwanangu."

Akaenda kulala.

Asma angefunga taratibu kama asingetokea Devota. Devota alikuwa jirani na mwenzake wa darasa la sita, msichana mchangamfu asiyejua kusubiri, na siku hiyo alikuja na flashi yenye filamu ya katuni iliyokuwa ikizungumzwa na shule nzima. Wakaifungua. Picha zilikwamakwama, na sauti haikutoka kabisa, kwa sababu programu ya Abbasi bado ilikuwa kazini.

"Ngoja nifunge hii kwanza," Asma alisema. Akaandika amri kama alivyofundishwa. Kwenye kioo yakatokea maneno: "Subiri, ninahifadhi."

Wakasubiri. Maneno yakabaki palepale.

"Ninahifadhi, ninahifadhi," Devota aliigiza kwa sauti ya kizee. "Kaka yako yuko chuo kikuu halafu kompyuta yake konokono! Mama ananihitaji nyumbani, Asma. Mimi naondoka."

Asma aliona aibu. Alibonyeza Ctrl na C. Programu haikujali. Akabonyeza tena na tena, na bado ikaendelea kuhifadhi. Ndipo akaikumbuka namba tisa. Aliangalia mlango wa chumba cha baba, akaandika haraka, akabonyeza.

Likatokea neno moja tu la Kiingereza, "Killed", na mtoto wa darasa la sita analijua neno hilo. "Tayari" haikuandikwa. Lakini katuni ilianza kucheza bila kukwama, sauti ikatoka, na wale watoto wawili wakacheka mpaka filamu ikaisha.

Abbasi alifika baada ya sala ya alasiri. Alimsalimu baba, akaketi mezani, akaanza kutafuta. Asma alimtazama mgongoni.

"Asma, rekodi ya leo iko wapi? Naona za wiki nzima, ya leo haipo."

"Umeme ulikatika," Asma alijibu. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata nyuma. "Ulikatika ghafla kabla sijafunga. Uliporudi nikaiwasha tena."

Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo umeme ukikatika nayo huzimika. Uongo ulikaa vizuri, na ndiyo maana ulikuwa mbaya. Abbasi alifunika uso kwa viganja.

"Basi imekwenda," alisema. "Folda ya muda hufagiwa kila kompyuta inapowashwa upya. Hakuna cha kutafuta." Kisha akamgeukia mdogo wake, akamwona machozi yanamlenga, akamkumbatia. "Usilie. Umeme si kosa lako."

Angempiga kofi ingekuwa afadhali.

Jumapili walimwomba baba arudie. Mzee Hashimu hakulalamika. Aliketi mbele ya kipaza sauti, akavuta pumzi, akaanza na jina la mkewe. Lilitoka nusu. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, na badala ya neno kikaja kikohozi ambacho hakikutaka kwisha. Alipoondoa kitambaa mdomoni, kilikuwa na damu. Akajaribu tena hata hivyo.

"Basi, Baba Abbasi," mama alisema, akimshika mikono. "Inatosha. Nakusihi, basi."

Kuanzia hapo Mzee Hashimu hakuweza hata kunong'ona. Asma alikimbilia uani, akakaa nyuma ya choo, akalia akiwa amejiziba mdomo kwa kanga. Alitaka kusema. Lakini kila alipofikiria kukumbatiwa na kaka yake, aliona haya zaidi, na haya hiyo ikamfunga kinywa. Ni balaa ya uongo unaoaminiwa na watu wema.

Jumatatu asubuhi mizigo ya hospitali ilikuwa mlangoni. Abbasi aliukunja waya wa kipaza sauti.

"Kompyuta twende nayo," alisema. "Baba ataandikia akitaka kitu. Ngoja niizime."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Kaka, usiizime!"

Wote wakageuka. Baba alikuwa kwenye kiti, ameshika fimbo yake, na mama alikuwa akimfunga skafu shingoni. Asma alisimama katikati ya chumba, na safari hii hakutafuta maneno mazuri.

"Umeme haukukatika. Nilitumia namba tisa. Ilikuwa inahifadhi, mimi nikachoka kusubiri, nilitaka kuangalia katuni na Devota. Kompyuta haijazimwa tangu Jumamosi."

Abbasi alitazama kitufe, akakiondoa kidole chake polepole kama mtu anayejitoa kwenye waya wa umeme.

"Haijazimwa hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Aliketi, akaandika amri, akaifungua ile folda ya muda. Ndani yake mlikuwa na faili lisilo na jina la maana. Alihangaika nalo, akilirekebisha lipate kusomeka. Hatimaye sauti ya Mzee Hashimu ikajaa chumba, na mama akakaa chini sakafuni.

"Mwanne, mke wangu," ilisema. Ilimshukuru kwa mambo mengi, mengine yakamfanya mama acheke huku analia. Ikaja zamu ya Abbasi: ilimwambia asiache masomo kwa ajili ya ugonjwa huu, na vifaa vya Kizota avitunze hata kama hatachomelea. Kikasikika kikohozi.

"Sasa Asma. Mtoto wangu wa mwisho. Wewe nataka ujue kwamba siku ile ulipo…"

Sauti ikakatika. Abbasi aliangalia kioo, akatikisa kichwa.

"Ndiyo mwisho wake," alisema. "Haya ndiyo programu ilikuwa imekwisha kuyaweka chini. Yaliyofuata ilikuwa bado imeyashika mkononi, kwenye kumbukumbu. Ilipopata ishara ya kwanza ilianza kuyaandika, ila uliikata kabla hayajafika. Yamekufa nayo."

Asma alimgeukia baba yake. Mzee Hashimu alifungua mdomo. Ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena, na mama akaweka kiganja chake midomoni mwake, taratibu, kumzuia.

"Nilikuamini, Asma," Abbasi alisema. Hakupaza sauti. "Ungeniambia kweli, ningeangalia kwenye folda Jumamosi hiyohiyo. Jana baba asingejikwangua koo hadi damu."

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima ya Jumanne. Mama na Asma walikaa kwenye benchi la korido, na Asma hakuthubutu kuegemea bega la mama yake. Mwishowe ni mama aliyemvuta.

"Nisikilize," alisema. "Kukosa subira ni utoto, na utoto husamehewa hata mara nyingi. Ungesema siku ileile, kesi ingekuwa ya katuni. Uongo wako ndio uliomfanya baba yako ateseke, na kwa sababu yake kaka yako alibakiza kubonyeza kitufe tu tupoteze yote ya siku ile. Jana ulisema kweli ukijua tutakuchukia, na kwa hiyo mimi nina maneno aliyoniachia mume wangu, kwa sauti yake. Nakushukuru kwa hilo. Lakini maneno aliyokuachia wewe yamekwenda, na sitakudanganya kwamba yatarudi. Huenda siku moja atakuandikia. Hutayasikia. Kaa na uchungu huo, uwe unakukumbusha: kosa likitoka mkononi mwako, litaje wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Ndiyo, mama."

Jioni waliruhusiwa kuingia wodini. Mzee Hashimu alilala na bandeji shingoni, na tundu lililokuwa likipumua kwa mluzi mdogo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Asma alitamani kumwita, kumtikisa, kumwomba msamaha kwa sauti kubwa, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alimgusa bega kwa ncha za vidole, akasimama.

Muuguzi alipita, akarudi, akapita tena. Mama akamwambia labda amelala usingizi. Asma hakuondoka.

Kisha, polepole sana, baba yake akanyanyua mkono.