Jino la Fundi Cherehani

Asubuhi moja Dokta alikuwa akisukutua, akatema uzi.

Ulikuwa uzi mweusi, mfupi, na ulitoka katikati ya meno yake ya mbele pamoja na povu la dawa ya meno. Aliutazama kwenye sinki, kisha akafungua maji ukaenda zake. Shuka hutoa nyuzi, alijiambia. Ila shuka zake zilikuwa nyeupe.

"Wewe leo utafute pa kulala," mwenzake wa chumba alimwambia huku akifunga kamba za viatu. Huyu walimwita Kicheko, na hata akilalamika alicheka. "Umesaga meno usiku kucha! Nilidhani kuna mtu anakoboa mahindi chini ya kitanda."

Dokta naye alijichekesha. Lakini usiku huo uliopita hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Alikuwa macho, mdomo ameufumba, akisikiliza meno yanasagana, akidhani ni ya Kicheko.

Tumwite Dokta, maana ndivyo walivyomwita kwao tangu siku aliyopata nafasi ya kusomea meno. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani, pamoja na wale wasiouliza, kwamba mwanawe yu karibu kuvaa joho. Asichokijua mama ni sharti la chuo: hufanyi mtihani wa mwisho mpaka utimize idadi ya meno uliyong'oa kwa mkono wako mwenyewe. Wagonjwa walikuwa haba, na wanafunzi walijaa tele. Mtu akiingia kliniki ameshika shavu, alipokewa kwa furaha isiyo na adabu. Wiki ya mwisho Dokta alikuwa amebakiza jino moja tu. Simu ya mama ikilia anaiangalia tu mpaka inyamaze.

Ndipo fundi cherehani akaketi kwenye kiti chake.

Alikuwa mama wa makamo, kanga yake imejaa vipande vya nyuzi. Aligusa jino moja la mbele kwa kidole. "Linaniuma, mwanangu, ila nalipenda. Ndilo ninalokatia uzi, tangu usichana wangu. Hakuna namna ya kulitibu?"

Dokta alichungulia. Jino lilikuwa limetoboka, lakini limesimama imara. Lilihitaji kusafishwa mzizi na kuzibwa, na lingepona. Idadi yake ya kusafisha mizizi Dokta alikuwa ameshaitimiza. Alichobakiza ni kung'oa.

"Hakuna, mama," alisema. "Limeshakufa."

Mwalimu wa kliniki alipita. Tangu asubuhi alikuwa hajaketi. "Linatikisika?"

"Linatikisika sana, mwalimu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa bila hata kuligusa, akaenda kwa mwingine.

Jino lilikataa kutoka. Dokta alilivuta kwa koleo hadi jasho likamwingia machoni, na kila alipovuta alijua kwamba jino linalotikisika haligomi hivyo. Lilipotoka, fundi alikuwa analia kimya kimya, ingawa ganzi ilikuwa imemshika vizuri. "Asante, mwanangu," alisema, pamba mdomoni. Asante ile ilimkaa Dokta kooni, haimezeki wala haitemeki.

Wanafunzi wa meno hawatupi kitu. Jino likitoka huoshwa, hutiwa kwenye chupa ya dawa, kisha hupandwa kwenye kitofali cha plasta ili mtu ajifunzie kutoboa. Dokta naye alilipanda la fundi. Laiti angelizika.

Uzi wa sinki ulikuja siku chache baadaye. Halafu ikaja harufu ya karafuu, ile ya dawa ya kliniki, ikawa inamfuata kitandani na hata kwenye sahani. Halafu kukawa na ule mlio mdogo, *kt*, wa mtu akatapo uzi kwa meno. Aliusikia maktabani, aliusikia bafuni, na siku zote ulikuwa karibu.

Mshauri wa wanafunzi alikuja darasani kuzungumzia msongo wa mawazo. Alikuwa mtu mpole. "Nani hapa anasaga meno usingizini?" Darasa zima likanyoosha mikono, watu wakavunjika mbavu. "Nani halali? Nani anatetemeka mikono?" Mikono ikabaki juu. "Basi hamjarogwa, mmechoka. Sharti, mtihani, macho ya wazazi, vyote hivyo vinakaa kwenye taya." Dokta alishukuru. Kama darasa zima linasaga, basi hana jini, ana mtihani. Alitaka sana kuamini hivyo.

Alasiri ile ile aliingia chumba cha mazoezi pamoja na wenzake, akawasha mashine, akagusa lile jino kwenye plasta, na mashine ilipozama ndani kidogo tu likatoka tone jekundu, kisha la pili, damu mbichi ya moto kutoka kwenye jino lililokwisha kukaa kwenye dawa na plasta siku zote hizo, ikateremka kwenye plasta nyeupe hadi kwenye vidole vyake, na alipogeuka kumwita Kicheko aliyekuwa ameketi ubavuni pake akaona Kicheko anaendelea kutoboa na kucheka na mtu mwingine kana kwamba hakuna damu, hakuna harufu ya karafuu iliyojaa chumba kizima, hakuna taya lililoanza kusaga taratibu pale pale, si chini ya meza wala nyuma ya mlango, bali ndani ya kichwa chake Dokta, kwa meno yake mwenyewe, ambayo hakuwa anayaendesha yeye.

Alilibandua jino kwenye plasta, akalitia mfukoni, akatoka mbio hadi anwani iliyoandikwa kwenye kadi ya fundi ya kliniki.

Fundi alikuwa kibarazani kwake, nyuma ya cherehani. Alipomwona mgeni hakushtuka. Dokta alipiga magoti, akaweka jino mapajani mwa fundi, akaongea kwa kunong'ona, maneno yakikimbizana. "Mama, nilikudanganya. Lilikuwa linatibika. Nilikuwa nimebakiza moja. Nisamehe, mama."

Fundi aliligeuza jino kiganjani. Pengo lake lilionekana alipovuta pumzi. "Nilikuona macho, mwanangu. Nikasema, huyu mtoto ana shida kunishinda. Nimekusamehe, toka moyoni."

Dokta alilia kwa kwikwi. "Basi mwambie huyu anayesaga mdomoni mwangu aniache."

"Mimi nimekusamehe. Yeye si mimi." Fundi aliuinamia mdomo wa Dokta, akasema taratibu, kama mtu asemaye na mtoto mlangoni, "Umefika salama huko?"

*Kt.* Uzi ulikatwa ndani ya mdomo wa Dokta uliofumbwa.

"Alikaa kwangu, ndani ya jino hili, miaka mingi," fundi alinong'ona. "Mimi nilimlisha uzi, hakuwa na neno. Wewe unamlisha ule uongo. Kwangu umesema, lakini faida hukuipatia kwangu. Nenda ukaseme kule ulikoipatia. Akikosa chakula atatoka."

"Nikisema nitarudia mwaka, mama. Huenda wakanifukuza kabisa."

"Najua, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Njia nzima Dokta alimwona mama yake akiwarudia majirani mmoja mmoja kufuta maneno. Hata hivyo alikwenda. Alimkuta mwalimu ofisini, anakunywa chai, barakoa ameishusha kidevuni.

"Mwalimu, lile jino la mwisho," alianza. "La yule fundi. Nilisema linatikisika."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Akainuka, akaufunga mlango.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Niliidhinisha mimi, na sikuligusa. Ukilifukua unatufukua sote wawili. Matokeo ya kliniki yameshakwenda, umefaulu, tena vizuri; umebakiza mtihani tu. Mama yako ana furaha. Una jambo jingine la kuniambia?"

Dokta alikuwa nalo. Lilikuwa tayari ulimini: *lilikuwa linatibika, mwalimu, nifutieni jino lile.* Maneno machache tu. Alimwona fundi, akaliona pengo lake, akafungua mdomo kuyasema.

"Hapana, mwalimu," ilisema sauti, laini, yenye adabu. "Nashukuru sana."

Mwalimu akatabasamu kwa nafuu, akampa mkono. Dokta akaupokea. Mlangoni alijaribu tena kusema, na taya halikufunguka.

Siku hizi ana kliniki yake na wagonjwa wanampenda. Mama yake ameitundika picha ya joho sebuleni. Na mpaka leo, akijiuliza nani alishukuru siku ile ofisini, yule mgeni wake au yeye mwenyewe, anaogopa kuujua ukweli, maana sauti ile ilikuwa yake.