Jicho la Kulia la Ashibi

Mhariri Tokura Haruomi aliikuta maiti saa moja asubuhi, Jumanne, na kitu cha kwanza alichookota kilikuwa karatasi. Mchoraji Kuramochi Genta alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, nyumbani kwake katika mtaa wa Nerima, kisogo kimepasuliwa, wino wa chupa iliyopinduka umemwingia puani. Kando ya kichwa chake palikuwa na ukurasa wa mwisho wa toleo la mwezi huo la katuni yake, mkavu na umekamilika. Tokura aliupuliza, akautia kwenye bahasha pamoja na kurasa nyingine zote, akamwita tarishi wa pikipiki azipeleke kiwandani. Polisi aliwapigia simu baadaye.

"Kwa hiyo maiti ilipanga foleni," alisema Inspekta Munakata Toyoko.

"Afande, mtambo wa kuchapa haumsubiri mtu. Hata marehemu angenielewa."

"Nitamuuliza nikimkuta. Ukurasa huo nataka urudishwe."

Kila aliyekuwa mtoto katika nchi yao miaka thelathini iliyopita aliwahi kumuua Ashibi. Katika mchezo wa video wa Ngome ya Chumvi alikuwa mlinzi wa lango la pili, mwanamke mwenye kitambaa cheusi jichoni, na mchezaji alimkata kwa pigo moja akaendelea na safari zake. Kuramochi ndiye aliyejiuliza mwanamke yule aliishi vipi kabla ya pigo lile. Jibu lake likawa vitabu vya katuni vilivyouzwa miaka kumi mfululizo, na watu waliokwisha kuusahau mchezo wakawa wanamlilia mlinzi.

Katika vitabu hivyo Ashibi alikuwa ametobolewa jicho la kushoto na kaka yake mwenyewe. Na kwa kuwa kwao kitabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, Ashibi naye alitembea daima akielekea kushoto, upande wa kitambaa ukimwelekea msomaji. Hakuwahi kutazama nyuma. Kuramochi alitangaza kwamba Ashibi atageuka mara moja tu, katika ukurasa wa mwisho wa toleo hili.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa na mwiko wake. Wasaidizi walichora kuta, mvua na farasi waliokufa, lakini Ashibi alichorwa na Kuramochi, waliyemwita mwalimu, peke yake, mwisho kabisa, mlango umefungwa, kwa saa mbili nzima. Hata vumbi likimwangukia Ashibi, alilipangusa mwenyewe. Ndiyo maana hesabu ya polisi ilionekana rahisi. Msaidizi Awaya Mio aliondoka saa mbili usiku wa Jumatatu, nafasi ya Ashibi ikiwa bado nyeupe. Daktari alisema Kuramochi alikufa kati ya saa mbili na saa tano. Ukurasa ulikuwa umekamilika, basi saa nne alikuwa bado hai. Na baada ya saa nne, mwenye ufunguo mwingine wa nyumba alikuwa Awaya, anayeishi peke yake, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka pale.

Tokura hakumwachia nafasi ya kupumua. "Waligombana jioni ile," alisema bila kuulizwa. "Nilikuwa kwenye simu na mwalimu, nikasikia."

Awaya alikuwa na miaka thelathini na moja, kumi na moja kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza ile. Alikaa mbele ya Munakata huku ameficha mikono yake yenye madoa ya wino.

"Mligombea nini, dada Mio?"

"Jicho."

"Jicho gani?"

"La kulia, lile zima. Mwalimu aliniahidi kwamba siku Ashibi akigeuka, jicho hilo nitalichora mimi, na jina langu litaandikwa chini yake. Jana nikanawa mikono, nikakaa. Akacheka. Akasema, 'Tangu lini mkono ukaomba jina?' Akachana ukuta niliouchora asubuhi, akaniambia niuchore upya ndipo niende."

"Ukafanya nini?"

"Nikauchora."

"Ulitamani afe?"

"Kila siku, afande. Wala sikuwahi kuchelewa kazini."

Jibu hilo lilimponza. Jioni hiyo alilala rumande, na msimamizi wa kituo akataka jalada lifungwe kabla ya waandishi wa habari kujaa mlangoni.

Munakata hakupenda kufungiwa kitu asichokimaliza. Jirani mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alikuwa amemwona mzee akiingia kwa Kuramochi mara tu Awaya alipotoka. Mzee huyo hakufichika. Alikuwa Hinokuma Daizo, mtu aliyebuni mchezo wa Ngome ya Chumvi, suti yake imepigwa pasi hadi inakaribia kukatika.

"Nilipita kumsalimia," alisema. "Saa tatu nilikuwa jukwaani Ikebukuro, kwenye sherehe ya miaka thelathini ya mchezo. Waulize watu mia tano. Nilimwacha hai, kalamu mkononi."

"Ashibi ni wako, au wa Kuramochi?"

Hinokuma alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilikuwa na vidoti kumi na sita tu vya runinga kwa upana, afande. Humo ndani nikampa mabega ya mtu aliyechoka. Nani mwingine angeweza?"

"Na vitabu vyake umevionaje?"

"Vinauzwa sana," alijibu, akaangalia saa yake.

Alasiri ya Jumatano ukurasa ulirudi kutoka kiwandani. Ashibi, akitazama kulia, kitambaa cheusi jichoni, midomo imebanwa. Mchoro ulikuwa mzuri, wenye mistari ya haraka isiyotetereka. Munakata aliubeba hadi chumba cha kazi cha marehemu, ambako mashine ya kale ya mchezo ilikuwa bado imeunganishwa na runinga. Hakuwahi kumuua Ashibi maishani, akaona ajaribu.

"Afande, unauawa na kunguru!" alicheka Sajini Kadono. "Kunguru wa kwanza! Mama yangu humpita akiwa amesinzia."

"Nyamaza unifundishe."

Alifika lango la pili kwa taabu. Mlinzi mdogo wa vidoti alikuwa akizunguka zamu yake, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Munakata aliweka chini kishikio cha mchezo, akamwacha azunguke.

"Kadono, hiki kitambaa mbona hakijifichi? Akienda kushoto nakiona, akienda kulia nakiona."

"Mashine za zamani hazikuwa na nafasi, afande. Zilihifadhi picha moja tu. Akigeuka, wanaigeuza kama kwenye kioo, kitambaa kinahamia jicho la pili. Utotoni hatukujali, tulikuwa tunamuua tu."

Munakata aliuchukua ukurasa, akausogeza karibu na runinga. Kisha aliingiza kitabu kimoja cha Kuramochi mfukoni mwa koti, akazima runinga.

Asubuhi iliyofuata aliwakalisha Tokura, Hinokuma na Awaya kwenye meza moja kituoni, kila mmoja na karatasi na kalamu ya wino.

"Nichoreeni Ashibi. Uso tu, wa upande, anatazama kulia."

"Mimi mhariri, hata yai silichori," alilalamika Tokura, lakini akachora. Hinokuma alimaliza kabla wenzake hawajaufikia mdomo, akafunika kalamu kwa mbwembwe. Awaya alichukua muda wake. Alikuwa ametoka rumande, nywele hazijachanwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuificha mikono yake.

Munakata alizipanga karatasi. Ya Tokura ilikuwa kiazi, lakini kiazi chenye jicho, na ugwe wa kitambaa umepita nyuma ya sikio. Ya Awaya ilikuwa na jicho zima, pana, limechoka, linatazama kila kitu lilichokiacha. Ya Hinokuma ilikuwa na kitambaa. Kando yake aliweka ukurasa wa mwisho.

Awaya alikuwa hajauona. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nani kamfanyia hivi? Hilo ni jicho lake zima! Nani kamziba?"

"Mtu ambaye kwake Ashibi ana kitambaa kila anapogeukia," alisema Munakata. "Kuramochi hakuuchora uso huu, mzee Hinokuma. Alikwisha kufa. Ulijua mwiko wa nyumba ile, ukajua ukurasa ukikamilika wote watahesabu saa mbili zaidi za uhai wake. Nawe utakuwa jukwaani."

Hinokuma alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba umemsaliti mbele ya wageni. "Dakika kumi," alisema hatimaye. "Yeye alihitaji saa mbili. Nilichora kwenye meza ya wasaidizi, wino wake ukiwa bado unatiririka kule. Sijawahi kuwa na furaha kama ile."

"Alikukosea nini?"

"Kadi ya sherehe iliandikwa: Ashibi, mtoto wa Kuramochi. Jina langu halimo. Nilimwomba atume sentensi moja ya kunitaja isomwe jukwaani. Moja tu! Akaniambia, 'Ulimchonga ili auawe, mzee. Wewe hukuwa na mtoto, ulikuwa na shabaha.' Akanipa kisogo, akachovya kalamu. Kile chuma cha kukandamizia karatasi kilikuwa palepale."

Alimgeukia Awaya. Hata wakati huo, uso wake ulikuwa unaomba. "Wewe ni fundi. Sema kweli. Si mzuri?"

"Mkono mzuri sana, mzee," alijibu Awaya. "Lakini hukuwahi kumsoma. Hata kitabu kimoja."

Kadono alimfunga mzee pingu.

"Na wewe?" Munakata alimuuliza Tokura. "Kiazi chako kinajua jicho liko wapi. Jumanne uliliona kosa."

"Niliona," alinong'ona Tokura. "Nilidhani mwalimu amechoka. Ningesema, toleo lingechelewa."

"Ukamwacha huyu dada alale rumande, na kutuletea habari za ugomvi wake."

Tokura aliinama kwa adabu yote, na hakuomba radhi.

Toleo lilitoka kama lilivyokuwa. Wasomaji walipoona kitambaa kwenye jicho la kulia, waliamini kwamba Ashibi amejitoboa lililobaki asione alichokiacha. Walilia, wakaandika barua, wakamaliza nakala zote madukani. Tokura alimwendea Awaya na sanduku la keki za maharage matamu.

"Wamempenda akiwa kipofu," alisema. "Tunaendelea naye hivyohivyo. Utachora wewe. Jina la jalada linabaki la mwalimu, ndilo linalouza."

Kesho yake Awaya alifika kituoni, mwavuli unadondosha maji, akaomba arudishiwe ile karatasi aliyochora.

"Ni kielelezo, dada Mio," alisema Munakata, na aliona uchungu kulisema. "Itakaa hapa mpaka kesi na rufaa ziishe. Labda miaka."

"Basi niione tu."

Munakata aliileta ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani. Karani wa vielelezo alikuwa ameupiga mhuri mwekundu wa kituo palipokuwa na wino mwingi, akidhani huko hautafutika kirahisi. Ulikuwa umekaa juu ya jicho, umelifunika lote.

Awaya alitazama kidogo, akainamisha kichwa, akashukuru. Kisha akachukua mwavuli wake akaenda kazini.