Bendera ya Rangi ya Machungwa

Jioni watu wakitoka kazini, njia panda ya sokoni haikuwa na pa kutia mguu. Mshonaji alikuwa akivuka na furushi la vitambaa begani, macho kwenye malori, wala hakutazama chini. Kidogo tu amkanyage mtu tumboni.

"Taratibu, dada! Mimi si zulia!"

Mwanamume alikuwa chali katikati ya barabara, shati jeupe limepigwa pasi, miguu mbele kwenye pedali. Baiskeli yake ilikuwa kama kiti cha kupumzikia kilichotiwa magurudumu. Watu wakaangua kicheko. Mshonaji naye akacheka, jambo lililokuwa limempotea tangu afiwe na mumewe.

"Kaka, watu wazima hulala nyumbani."

"Nyumbani hakuna wa kuniamsha."

Alikuwa fundi wa majokofu. Baiskeli ya kawaida ilimtesa mgongo, ndipo akajiundia hiyo ya kulala. Alienda nayo kazini, alienda nayo dukani, na mwishowe akaingia nayo mashindano ya masafa marefu. Kesho yake baada ya kukutana pale njia panda, akamletea mshonaji suruali ya kupunguzwa, ingawa ilimtosha. Keshokutwa yake akaleta nyingine.

Mshonaji alimwita Bwana Kitanda. Alikuwa ndiyo kwanza amejishonea gauni la rangi ya machungwa. Kwa kipande kilichobaki akamshonea bendera, akaifunga kwenye kijiti kirefu nyuma ya kiti.

"Ili uonekane. Wakanyagaji wengine hawana adabu kama yangu."

Ikawa kila jioni simu inalia.

"Umelala, Bwana Kitanda?"

"Nitalalaje, Fundi wangu, na wewe hujaniambia umekula nini?"

"Nimekula upweke na chumvi."

"Basi tunakula sahani moja."

Siku chache kabla ya mashindano makubwa, Bwana Kitanda akapiga simu. "Jumapili tunapita darajani. Nataka kukuoa, Fundi. Ukisimama pale, nitajua umekubali. Usiposimama, sitakusumbua tena, hata kwa simu."

"Mbona unanitungia mtihani, mpenzi?"

"Mdomo wangu mzito mbele yako."

Jumapili mshonaji akavaa gauni lake la rangi ya machungwa, akajitia wanja. Darajani watu walikuwa wamejaa, basi akapanda juu ya jiwe, nyuma kabisa, ili aione bendera ingali mbali. Baiskeli zikapita makundi kwa makundi, watu wakashangilia. Bendera haikuja. Jua likageuka, watu wakatawanyika, mfagiaji akamwomba asogee afagie maganda.

Simu haikulia jioni ile wala jioni zilizofuata. Mshonaji aliiweka karibu na cherehani, na kila mara akiikunjua nguo ya harusi ya mtu mwingine aliitupia jicho. Alifungua redio ili chumba kiwe na sauti ya mtu. Akimimina chai, mkono ulitoa vikombe viwili, akarudisha kimoja.

"Mpigie wewe, mwanangu," alisema mama yake mdogo.

"Mama, mimi nilisimama. Aliyekosa kupita ni yeye."

"Haya. Kaa na ukweli wako, ukupikie chai."

Jioni moja, pale pale njia panda, lori lilikuwa likirudi nyuma. Nyuma yake, chini kabisa, mshonaji akaona shati jeupe. Akatupa furushi, akaligonga lori kwa viganja vyote viwili. "Simama! Kuna mtu!"

Lori likasimama. Naye akamgeukia aliyelala, machozi na hasira vikigombania uso wake. "Bendera iko wapi, wewe?"

"Niliitoa siku ya mashindano. Inakamata upepo, na katika safari ndefu upepo ule humla mtu nguvu. Sikuwa na moyo wa kuirudisha."

"Siku ya mashindano? Kwani ulipita darajani?"

"Nilipita, Fundi. Nikatazama mstari wa mbele, uso baada ya uso. Hukuwepo. Nikaheshimu jibu lako."

"Nilikuwa nyuma, juu ya jiwe! Natafuta bendera!"

Wakatazamana. Magari yakapiga honi, dereva wa lori akatukana, wao hawakusikia. Polepole Bwana Kitanda akaingiza mkono nyuma ya kisogo, akachomoa bendera kutoka ndani ya kiegemeo cha kichwa. Ilikuwa imekunjamana, imepauka kwa jasho.

"Ilikuwa hapa njia nzima. Sijawahi kushonewa kitu na mtu."

Mshonaji akainyoosha juu ya paja lake, akaifunga upya kwenye kijiti, mafundo mawili. Akaokota furushi, wakaondoka, yeye kwa miguu, mwenziwe akikanyaga pedali polepole ubavuni.

"Fundi," akasema kwa woga, "lile swali langu..."

"Swali gani tena? Mimi nilijibu Jumapili. Wewe ndiye hukutazama juu."

Bwana Kitanda akatazama juu. Bendera ilikuwa ikimgusa mshonaji begani, naye hakuisogeza.