Mgeni wa Chumba Namba 714

Nepi za Carolyne ziligoma kukauka. Jumatatu Khalayi alizianika juu ya paa, jua likiwaka kweli kweli, na jioni akazikuta zinachuruzika vile vile, huku mashuka ya majirani kwenye kamba hiyo hiyo yamekauka zamani. Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano zilikauka, lakini zilikuwa ngumu, zimetoka mabaka meupe, na alipoonja ukingo wa moja kwa ncha ya ulimi akakuta ni chumvi tupu. Akamlaumu muuza maji. Pale mtaani kwao Kware kila balaa lina mtu wake wa kulaumiwa, na muuza maji ndiye huwa karibu zaidi.

Hata hivyo nepi zilikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa lilikuwa kilio. Carolyne, mtoto wake wa kwanza, mwenye siku ishirini tu duniani, alikuwa amelia siku nane mfululizo, tangu siku ile baba yake aliporudi kutoka safari. Kliniki walimpima joto, wakampima uzito, wakamchungulia masikio, wakasema mtoto ni mzima. Mzima! Khalayi alitamani awaachie wakae naye siku moja, wao na uzima wake.

Baba mwenyewe, Lusweti, alikuwa ametoka kazini kwenye meli ya kitalii, zile za matajiri, iliyokuwa ikizunguka miji ya pwani ya kusini ya Uturuki: Marmaris, Fethiye, Antalya, Alanya, kisha inageuza na kuanza upya. Miezi tisa alikuwa mtandika vitanda. Alirudi na sanduku la magurudumu, kizibao cheusi cha kazi, na hadithi za kulitosha jengo zima. Kwamba wageni hula mara sita kwa siku. Kwamba juu ya meli kuna bwawa la kuogelea, yaani maji juu ya maji. Kwamba yeye, mtoto wa Bungoma, anaweza kukunja taulo likawa bata wa shingo ndefu. Majirani walicheka mpaka wakasahau giza la ngazi zao.

Kilio kilipoingia siku ya nane, Lusweti alimpigia simu mama yake, Kukhu Ayuma, yaani bibi kwa Kibukusu, naye akapanda basi na kuku wake kwenye kikapu. Kwao Wabukusu, mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, wazee husema kuna marehemu wa ukoo anayetaka aitwe. Basi majina ya waliokufa hutajwa moja moja, mtoto akiwa kifuani kwa mamake, na la huyo marehemu likitajwa mtoto hunyamaza, akashika ziwa, akanyonya. Akinyonya ndipo jina limekubalika. Ni jambo la kawaida, la furaha, na Khalayi mwenyewe alipata lake hivyo hivyo.

Walifanya Ijumaa saa nane mchana, taa ikiwa imewashwa, maana ghorofa la jirani limejengwa karibu mno, na dirisha la chumba chao cha orofa ya sita halijui jua.

"Unamtaka nani, mama?" Kukhu Ayuma alimbembeleza mtoto. "Ni Nabwile? Nabwile, njoo unyonye. Ni Nanjala? Namarome?"

Mtoto alilia. Kukhu akamaliza upande wa baba, akaingia upande wa mama, akafika kwa shangazi wa mbali ambao yeye mwenyewe aliwajua kwa kusimuliwa. Saa nzima ikapita. Sauti ya mtoto ilikuwa imekwaruza, na Khalayi akaanza kulia naye.

"Lusweti," Kukhu alisema, amechoka, "huko baharini hakuna mtu aliyekufa mbele yako?"

Lusweti alikuwa amesimama mlangoni. "Kuna mama mmoja. Mgeni. Lakini sijui kama alikufa."

"Anaitwaje?"

"Mama, achana na huyo."

"Mtoto anakufa na kilio hapa, wewe unaniambia niachane! Anaitwaje?"

"Madam Zerrin."

Carolyne alinyamaza papo hapo.

Ukimya ulikuwa mzito hata redio ya jirani ikasikika neno kwa neno. Kukhu alilitaja jina lile mara ya pili, mara ya tatu, kisha akapiga vigelegele, na kutoka chini mpaka juu wanawake wa jengo wakamwitikia bila hata kujua wanamshangilia nani. Khalayi peke yake ndiye aliyeona kwamba mtoto hakushika ziwa. Midomo ilikuwa imefungwa, na macho yamefunguka, yanatazama chumba kona hadi kona, taratibu, jinsi mtu anavyokagua nyumba kabla ya kuhamia. Aliona, na hakusema kitu. Alikuwa amechoka, jamani, na ule ukimya ulikuwa mtamu.

Jumapili Kukhu akarudi Bungoma, moyo mweupe.

Mtoto hakulia tena. Hakulia alipokojoa, hakulia alipogongwa na mlango wa kabati. Hakunyonya pia. Khalayi alimpa ziwa, akampa chupa, akamdondoshea kwa kijiko, na kila kitu kilirudi nje kupitia pembe ya mdomo huku macho yakimtazama kwa upole. Mbavu zikaanza kuhesabika. Kliniki wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, na hospitali kubwa wakamweka siku mbili, wakamtia mrija, mrija ukajaa maji ya chumvi wasiyojua yametoka wapi, wakamrudisha. Kufikia siku ya saba, maziwa ya Khalayi yalikuwa yamekauka kabisa.

Chumba nacho kikabadilika. Kilinuka mafuta ya kujipaka juani, na nyuma ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya maji makubwa yaliyooza. Khalayi hakuwahi kufika baharini maishani mwake. Maji kwenye beseni yakawa yanaegemea upande mmoja, yakakaa kidogo, yakaegemea upande wa pili, na yeye akishika ukuta kwa kizunguzungu huku chini barabarani watu wakipita zao.

Kisha siku moja, saa nane mchana, mtu akabisha.

"Hodi, madam. Nimekuja kutandika."

Ilikuwa sauti ya mumewe, lakini ile ya kazini, laini, yenye tabasamu. Lusweti aliingia amevaa kizibao cheusi, akampita mkewe bila kumtazama, akatandika kitanda, akapinda ncha za shuka kama bahasha, na juu ya mto akaweka taulo la mtoto alilolikunja bata. Akamwinamia mtoto, akatoka kinyumenyume.

Khalayi alimkamata ngazini akamtikisa. "Baba Caro! Ni nini hii? Nani alikuwa kwenye hiyo meli?"

Ilichukua muda macho yake yarudi. Aliketi pale pale ngazini, akasema akinong'ona.

"Chumba namba 714. Kwenye orodha hakikuwa na mgeni. Lakini kila nikiingia kutandika, kitanda kimelaliwa na kimelowa, na kuna mama amesimama dirishani, amevaa nyeupe, amenipa mgongo. Nikamwambia mkubwa wangu. Akasema nitandike, nisiulize."

"Na wewe ukatandika."

"Ningefanyaje? Alinitajia jina lake, akawa ananiuliza maswali. Kwenu ni wapi, nani anakungoja. Sisi tumefundishwa, mgeni akiuliza unajibu na unatabasamu. Nikamwambia yote, Khalayi. Kware, orofa ya sita. Wewe. Mimba. Siku ya mwisho pale Alanya akaniambia, 'Mimi nazunguka tu miji hii, naona taa zake, sishuki. Nchi kavu hakuna anayeniita.'"

Lusweti alifunika uso kwa mikono. "Na sisi tukamwita."

Khalayi alimwendea Nurto, aliyekuwa akiuza vitambaa kwenye kibanda cha chini ya jengo. Hakuhitaji kueleza mengi. Nurto alifunua shuka, akaona uso wa mtoto, akavuta mtandio wake puani.

"Mama Caro, mimi nimezaliwa Kismayu," alisema polepole. "Hii harufu naijua. Mfunike. Usimwite jina lolote, walahi, mpaka nimlete mjomba."

Mjomba wake, Maalim Hirad, alikuja Jumamosi adhuhuri. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi, akapanda orofa sita akipumzika kila ngazi, na alipofika mlangoni hakuingia mara moja, alisimama, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Hii nyumba inatembea." Nurto akabaki kizingitini.

Maalim alimlaza mtoto juu ya mkeka safi, akaketi, akafungua kitabu chake cha dua, akaanza kusoma. Mwanzoni palikuwa na sauti yake tu. Kisha maji ya mitungi yakaanza kupiga kuta za mitungi, kwanza kidogo, halafu kwa mpigo mmoja, mitungi yote pamoja, na taa ikapungua nguvu ikawa ya njano, na jasho la chumvi likatoka ukutani likateremka hadi kwenye mkeka, na kadiri Maalim alivyopaza ndivyo chumba kilivyoinama, hata sufuria zikateleza kwenye rafu zikaanguka moja baada ya nyingine, na Khalayi akajikuta amepiga magoti akishika mguu wa kitanda kwa mkono mmoja na mkeka kwa mwingine, akiomba kwa Yesu na kwa Mungu wa Maalim na kwa kina Nabwile wote aliowahi kusimuliwa, wakati mtoto katikati ya yote hayo amelala kimya, anamtazama Maalim kama anayesubiri chai.

"Nani amekuleta hapa?" Maalim aliuliza.

Aliyejibu ni Lusweti. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono nyuma, anatabasamu, machozi yakimtiririka.

"Madam anasema hakuletwa. Anasema aliitwa. Aliitwa mara tatu, na nyumba nzima ikashangilia."

"Mwambie atoke."

"Madam anasema amestarehe. Anashukuru kwa ukarimu."

Maalim alikohoa kwa muda mrefu. Akamgeukia Khalayi.

"Binti yangu, mwite mwanao. Jina lake la kwanza, ulilompa wewe. Akikusikia atalia. Akilia nitajua yumo, nami nitamtoa huyu mwingine."

Khalayi aliinamia mkeka. "Carolyne," aliita. "Caro. Caro wa mama." Mtoto alimtazama. Hakuna kilichobadilika katika uso ule, hata ukope. Akaita tena, akapiga kelele, akamshika mabega madogo, na Nurto pale mlangoni akaanza kulia.

Simu ya Lusweti ikaita kwenye kabati.

Iliita ikakatika, ikaita tena. Lusweti hakujongea. Khalayi aliipokea ili ainyamazishe, na akasikia sauti ya mwanamume, na nyuma yake honi na ndege wa baharini.

"Niaje, Lusweti."

"Ni mke wake."

"Ah, shemeji, pole. Naitwa Nyongesa, mimi ndiye nilichukua kazi yake kwa meli. Tuko Alanya. Shemeji, niulizie mzee, hii 714 ilikuwa na nini? Wiki mbili sasa kuna mtoto analia huko ndani. Mchanga kabisa. Tukifungua hakuna mtu, kitanda kiko sawa, lakini kilio kiko. Kilikuwa kimeanza kufifia, halafu saa hii kimezidi. Skia."

Akasogeza simu mlangoni. Na Khalayi akasikia kilio kile, chenye sauti iliyokwaruza, chenye kukatika mara mbili kabla ya kupanda, ambacho angekitambua katikati ya watoto elfu. Maziwa yakamjia. Yalishuka kwa uchungu, ghafla, kifua kizima kikalowa, baada ya siku tisa za ukavu.

Maalim alikuwa amesikia. Alifunga kitabu chake.

"Huyo ndiye mwanao," alisema. "Hapa pamekuwa na kubadilishana. Mmoja ameshuka, mmoja amepanda."

"Mrudishe. Maalim, mfukuze huyu, umrudishe!"

"Kumfukuza naweza. Lakini huu mwili ukibaki bila mtu hautapumua hata saa moja, na mwanao hatakuwa na pa kurudia. Na kumvuta kutoka huko, binti yangu, sijui njia yake. Nisikudanganye. Sijui, na simjui anayejua."

"Na huyu asipokula?"

Maalim aliangalia zile mbavu.

"Nyongesa," Khalayi alisema kwenye simu, "usikate. Kaka yangu, nakuomba, usikate. Iweke hapo ndani kitandani."

"Shemeji, tunaondoka sasa hivi. Mtandao utapotea."

"Iweke tu!"

Kilio kikawa karibu, sikioni kabisa. Maziwa yalizidi kushuka, yakadondoka juu ya mkeka, na yule aliyelala pale akanusa. Aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, alifungua kinywa.

Khalayi alitazama kinywa kile. Alijua ni cha nani, na alijua ni nani aliyekifungua. Kisha akamwinua, akamweka kifuani, na mgeni akashika ziwa, akanyonya, macho wazi, bila haraka.

"Nyamaza, Caro," Khalayi aliiambia simu. "Mama yuko hapa. Nyonya, mama. Nyonya."

Honi ya meli ilipigwa mara moja ndefu. Kilio kikaanza kukatika, kikarudi, kikakatika tena, na yeye akawa anaikandamiza simu sikioni mpaka sikio likauma, maana maziwa yalikuwa yanapungua kila kilio kilipopungua, na mbavu zile bado zilikuwa zinahesabika.