Mjane wa Mlango wa Kati

Mambo haya yalimpata Saliha, yule fundi picha wa Buyenzi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Anayetaka kubisha abishe, mdomo ni mali yake.

Saliha alikuwa bingwa wa harusi. Bibi harusi aliyekuja analia alitoka kwenye kamera yake anang'aa kama sufuria mpya. Lakini alikuwa amechoka na mabibi harusi. Mwaka ule yalitangazwa maonyesho ya picha za magofu pale mjini, naye akaapa jina lake litundikwe ukutani. Alijiunga na mafunzo ya mwalimu mmoja aitwaye Loïc, kijana asiyejua kupaka maneno asali.

“Picha zako zimelala, Saliha,” Loïc alimwambia mbele ya wenzake. “Ni kama kitenge juu ya meza. Mutu hawezi kuingia ndani.”

Kisha akamfundisha. Weka kitu karibu, kingine kati, kingine mbali. Tafuta mlango ulio ndani ya mlango, jicho lipate njia ya kupita. Na uweke mtu, kwa sababu bila mtu hakuna ajuaye kama gofu ni kubwa au dogo.

Mtu mwenyewe alikuwa nyumbani. Asiya, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amefiwa na mume na amekaa eda. Kati ya ile miezi minne na siku kumi, zilikuwa zimebaki siku tisa tu. Alikuwa ndani, na nguo yake nyeupe isiyo na pambo, anahesabu nyufa za dari. Dini inamruhusu mjane kutoka akiwa na haja, lakini picha si haja, na Saliha alilijua hilo kama anavyolijua jina la baba yake.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, mama yao alikwenda kwenye dua kwa shoga yake. Saliha akaingia chumbani.

“Twende Gatumba. Ni saa moja tu.”

“Apana, dada. Bado siku tisa.”

“Mama hatajua. We hautaki kuona jua?”

Asiya aliutazama mlango muda mrefu. Maskini, miezi minne kati ya kuta nne si mchezo. Akajifunga mtandio, wakapanda teksi.

Gatumba ile ya mafuriko mnaijua. Maji ya mto na ya ziwa yalikutana mle kwenye nyumba za watu, na yalipoondoka yakaacha tope lililofika madirishani. Saliha alizunguka kidogo, akaiona nyumba aliyoitaka. Haikuwa na bati. Ilikuwa na milango mitatu iliyonyooka mstari mmoja: wa mbele, wa kati na wa nyuma, na nje ya ule wa nyuma matete, halafu milima ya Kongo kwa mbali. Karibu, kati, mbali.

Mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Alijitaja kuwa Esperance, wa nyumba ya nne kutoka pale. Alipoiona nguo ya Asiya akasimama.

“Huyu ni mujane?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi asiingie mule.” Akashusha sauti. “Mule mulikuwa mujane, muislamu kama nyinyi. Maji ilikuja, watu wote wakamuambia atoke. Hata imamu alimuambia inaruhusiwa. Akakatala. Alisema zimebaki siku tisa, hawezi kuvunja. Maji ikamukuta amekaa kwenye mukeka. Hazikumalizika zile siku zake.”

Asiya alimshika dada yake mkono. Mtu mwenye akili timamu angegeuka hapo hapo akatafute teksi. Saliha alitazama jua, akaona mwanga unashuka vizuri kwenye ile milango, akacheka.

“Picha tatu tu, halafu tunarudi.”

Alisimamisha kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Karibu akaweka beseni lililopasuka, alilolichomoa kwenye tope. Kati akamtuma Asiya, asimame juu ya kizingiti cha mlango wa kati, mgongo huku, uso kwenye matete.

“Mama anakataza kusimama mulangoni,” Asiya alisema.

“Mama yuko Buyenzi.”

Kamera ilitegeshwa ipige yenyewe kila baada ya nusu dakika, ili Saliha apate nafasi ya kumpanga mtu wake. Ikapiga ya kwanza. Aliitazama kwenye kioo cha nyuma. Ilikuwa nzuri, nzuri kupita zote alizowahi kupiga. Asiya alikuwa pale kati, mweupe, na jicho lilimpita likaenda mpaka milimani.

Ikapiga ya pili. Kwenye kioo Asiya alikuwa mlango wa nyuma.

Saliha akainua kichwa. Asiya alikuwa palepale, mlango wa kati, hajasogea.

Ikapiga ya tatu. Milango ilikuwa minne.

“Asiya! Toka! Inatosha!”

“Niko hapa,” sauti ilijibu, taratibu, kutoka mbali sana.

Kizingiti cha kati kilikuwa kitupu. Saliha aliiacha kamera ikiendelea kupiga, akaingia mbio. Alipita mlango wa mbele, chumba, mlango wa kati, chumba. Alitarajia matete. Akakuta mlango. Nyuma ya mlango huo chumba, na mlango mwingine, na pembeni beseni lililopasuka.

Akageuka. Nyuma nako kulikuwa na milango.

Jua lilikuwa linawaka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ukitazama juu unaona anga ya buluu, unasikia hata honi za malori yanayokwenda mpakani. Lakini kuta zilikuwa ndefu kuliko zilivyokuwa nje, na tope lilikuwa laini mahali pote. Alijaribu kukimbia. Vyumba sita, vyumba saba. Beseni. Vyumba tena. Beseni. Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, akaikosea katikati, akaanza upya.

“Asiya!”

“Niko hapa.”

Safari hii ilikuwa karibu. Kwenye chumba cha kushoto kulikuwa na mkeka juu ya tope, na wanawake wawili wameketi, bega kwa bega, wamempa mgongo. Wote walivaa nyeupe. Wote walijifunika mtandio.

“Asiya ni yupi?” Saliha alinong'ona.

“Ni mi, dada,” akasema wa kulia. “Zimebaki siku tisa tu. Nipeleke nyumbani nizimalize.”

Wa kushoto mabega yalimtikisika. Kooni kwake kulitoka mgugumio, kama wa mtu anayetaka kuongea na kinywa kimejaa maji.

Saliha aliusikia. Aliusikia vizuri kabisa. Na hilo ndilo asilojisamehe mpaka leo, maana aliogopa, na mwoga hashiki anachopaswa kushika, hushika kilicho karibu. Alimkamata wa kulia mkono. Ulikuwa wa baridi. Akamvuta.

Akili ya kazi ndiyo iliyowatoa. Milango yote ile ilikuwa na ukubwa uleule, wa karibu na wa mbali sawasawa, na hakuna duniani kitu kinachokwenda mbali kisipungue. Akatafuta mlango mdogo. Akauona, mmoja tu, mdogo kama kiberiti, na ndani yake kamera yake juu ya stendi. Akaukazia macho huo. Kila hatua ukakua. Akatoka, akaanguka kwenye majani, na mkono wa baridi bado uko ndani ya mkono wake.

Jua halikuwa limesogea. Esperance hakuwepo. Ndoo yake ilikuwa imelala njiani, maji yote yamemwagika.

Ndani ya teksi yule aliyetoka alijifunika uso, Saliha naye hakumfunua. Alijiambia ni mdogo wake. Ana nguo ya mdogo wake, amemwita dada, basi. Mtu akiutaka uongo hakosi wa kumwambia, hata kama ni yeye mwenyewe. Kamera aliifungia kabatini bila kuitazama.

Siku zile tisa mama yao alifurahi sana. “Sasa mutoto anakaa eda vizuri,” alisema. “Hata dirishani haendi. Hata chakula anachukuliaka mulangoni.” Saliha alikuwa akipita mbele ya kile chumba kwa haraka, bila kugeuza shingo.

Asubuhi ya siku ya kumi hakuweza tena. Alifungua kabati, akatoa kamera. Ile picha ya mwisho ilikuwa na kina ambacho Loïc mwenyewe angekipigia magoti. Mbele, karibu na beseni, Saliha anatoka mlangoni, amekodoa macho, anamvuta mwanamke asiyemjua, mtu mzima, mwenye tope kwenye kope. Na mbali kabisa, mlango wa nyuma, mdogo, Asiya, mkono juu, kinywa wazi.

Saliha alikimbilia chumbani. Mlango ulikuwa wazi, mkeka umekunjwa. Mama yao alikuwa amesimama katikati na kitenge kipya mikononi, kile cha kumtolea mtoto eda.

“Ametoka saa hii,” mama alisema. Macho yalikuwa yamemtoka. “Ameoga, amejifunika uso. Amenishukuru sana. Amesema siku zake zimekwisha, anaenda kwao. Saliha, kwao wapi?”

Saliha alikwenda Gatumba siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Nyumba ilikuwa na milango mitatu, na aliipita yote akiliita jina la mdogo wake, na kila mara alitokea kwenye matete. Picha hakuzipeleka maonyeshoni.

Pale Buyenzi, ambako mafuriko hayakuwahi kufika, kuta za chumba cha Asiya zina mstari wa tope unaozunguka pande zote nne. Wamepaka chokaa mara tatu, na kila mara mstari umerudi, mbichi, hata wakati wa kiangazi. Saliha huenda kuupima kwa mwili wake mwenyewe, kwa kuwa yeye na Asiya walikuwa na kimo kimoja. Mwezi wa kwanza ulimfika kifuani. Jumapili iliyopita ulikuwa kidevuni.