Mwisho Wake Ulinitoa Machozi

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Kacha. Kimya kidogo. Kacha. Neri Tolosa aliusikia usingizini, saa tisa alasiri, mapazia yamefungwa na feni inazunguka, akajua ni stepla hata kabla hajafumbua macho. Kuna mtu alikuwa anabana karatasi sebuleni. Akageukia ukutani akalala tena, maana alikuwa amechoka, na alipoamka jioni ndipo akakumbuka kwamba nyumba ile haina stepla.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa na uchovu wa mtu wa sabini. Usiku kucha alipokea simu za Wamarekani waliogombana na mashine zao za kufulia. Asubuhi alirudi kwao Marikina kwa jipni, basi dogo la abiria, akala wali na samaki wakavu aliokaangiwa na Tiya Sepa, dada wa mama yake, akalala wakati wenzake wanafanya kazi. Saa mbili zilizobaki kabla ya zamu alisoma katuni. Si zile za maduka makubwa. Zake zilikuwa za watu wanaochora kwenye meza ya kulia chakula, wanaotoa fotokopi hamsini, wanaozibana wenyewe na kuziuza kwenye maonyesho mara mbili kwa mwaka. Kwa miaka tisa alikuwa akizihakiki kwenye ukurasa wake mtandaoni bila kulipwa hata peso, na wachoraji walimpenda na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Zile ambazo hakuwa amezisoma zilirundikwa kando ya friji. Rundo lilikuwa limemfika kifuani, na kila alipokwenda kunywa maji alijitahidi asilitazame.

Wiki iliyotangulia alikuwa amefanya kosa, tena kosa ambalo hata mtoto wa kule Marikina angelijua. Gani Rosales, mchoraji wa katuni ya Mlinzi wa Mto, alikufa ghafla kwa mshtuko wa moyo. Neri alikwenda msibani asubuhi, moja kwa moja kutoka kazini. Jeneza lenye kifuniko cha kioo lilikuwa sebuleni kwa Odette, dada wa marehemu, na Gani alilala humo amevaa barong nyeupe, shati ambalo alipokuwa hai hakuwahi kuwa na sherehe ya kulivalia. Nje wacheza karata waliokesha walikuwa bado wanakunywa kahawa. Odette alimpa bahasha nzito.

"Alikuwa anakuandalia wewe," alimwambia. "Matoleo yote saba, na la nane ambalo hakulimaliza. Alikuheshimu sana, dada."

Kule, mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Atapita popote, hata dukani kunywa soda, ili amkung'ute marehemu hapo na kumpoteza njia. Wala habebi kitu cha msibani kukiingiza ndani kwake. Neri aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa macho kwa saa ishirini, mvua ilikuwa inamwagika, na jipni ikasimama mbele yake mlango wazi. Akapanda. Alijifariji kwamba Gani alikuwa mtu mpole, asiyesumbua watu. Akajitupa kitandani na viatu miguuni, bahasha akaiacha juu ya rundo la friji.

Siku mbili baada ya kusikia stepla ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya karatasi zinazotoka kwenye mashine ya fotokopi zikiwa bado za moto, na ndani yake kulikuwa na mshumaa na maua yaliyokaa sana majini. Neri alidhani jirani amefungua duka. Hapakuwa na duka.

"Yule mgeni wako ameshaondoka?" Tiya Sepa aliuliza jioni hiyo, akipepeta mchele.

"Mgeni gani, Tiya?"

"Yule anayekaa kwenye kiti chako mchana ukilala. Mpole, lakini hana adabu. Nimemwuliza kama amekula, kanitazama tu."

Neri alishusha sauti bila kukusudia. "Amevaa nini?"

"Barong. Joto lote hili, kama anakwenda harusini." Bibi yule aliacha kupepeta. Alimtazama mpwa wake kwa muda, na uso wake ukabadilika. "Neri. Ulipotoka msibani ulipita wapi?"

"Tiya, nilikuwa..."

"Nimekuuliza ulipita wapi!"

"Nilikuwa nimechoka."

"Umechoka! Mimi nimechoka tangu mama yako alipokwenda Hong Kong akaniachia wewe una miaka saba, umejaa chawa. Kuna siku nilikuletea maiti ndani?" Alitaka kuendelea, lakini pumzi ilimkatika, akashika ukingo wa meza. Aliposema tena, kwa mnong'ono, hakuwa na hasira. "Huyo hataondoka peke yake, mwanangu. Unajua hivyo."

Neri alijua. Marehemu aliyemfuata mtu hadi nyumbani hutafuta mwenzake wa safari, na mle ndani mlikuwa na watu wawili tu, mmoja wao ana miaka sabini na sita. Kuanzia siku hiyo, kila ilipofika saa tisa kifua cha Tiya Sepa kilijifunga. Midomo ilimgeuka rangi, mikono ikatafuta kitu cha kushika, na hali hiyo haikumwachia mpaka saa kumi na moja. Daktari wa zahanati alimpima akasema mapafu ni safi. Kila siku ilizidi kidogo. Neri hakuwa na mtu mwingine duniani, na wazo la kurudi kazini asubuhi akute jiko limepoa lilimfanya alie ndani ya jipni, mbele za watu.

Akamwita Aling Bining, mganga, mama mnene aliyeuza mishikaki ya utumbo wa kuku kwenye kona. Alifika na aproni yake inanuka moshi. Aliwasha mshumaa, akadondosha nta kwenye beseni la maji, akaikodolea macho nta ilivyoganda.

"Amekaa," alisema taratibu. "Amekaa kama mtu aliye foleni hospitali. Hana ubaya wowote huyu. Anasubiri kuitwa. Ulimwahidi nini?"

"Sikumwahidi kitu. Nilimhakiki mara moja, zamani. Nilimsifu."

"Ulimsifu kweli?"

Neri aliinama kukwangua tone la nta sakafuni.

"Basi mwambie ukweli," Aling Bining alisema, akimimina maji ya beseni nje ya dirisha. "Akikuuliza, jibu la kweli. Ukimdanganya tena hatoki, utakuja kumzoea kama kabati. Naye anamchosha bibi bila kujua, kwa kukaa tu."

Siku iliyofuata Neri hakulala. Alikaa sebuleni mkabala na kiti chake cha mwanzi, macho yanamwasha, mvua imeanza, taa za mtaa mzima zimekatika, na mle ndani kukawa na ule mwanga wa kijivu usio wa mchana wala wa jioni. Saa ya ukutani ilipofika tisa harufu iliingia kwanza, fotokopi na mshumaa na maua, kisha mwanzi wa kiti ukalia taratibu kama unavyolia mtu anapokaa kwa uangalifu asiwasumbue wenye nyumba, na kitambaa cha kiti kikabonyea katikati, na Neri akasikia chumbani pumzi ya Tiya Sepa inaanza kukwaruza, na kando ya friji kitu kikatoka katikati ya rundo bila rundo kuanguka, kikaburuzika sakafuni polepole mpaka kikagusa kidole chake cha mguu.

Kilikuwa Mlinzi wa Mto, toleo la kwanza, nakala yake mwenyewe ya miaka sita iliyopita.

Aliikumbuka. Aliisoma ndani ya jipni mpaka ukurasa wa kumi na moja, usingizi ukamchukua. Uhakiki ulikuwa umeahidiwa Ijumaa. Akaandika kwamba ni katuni bora ya mwaka, na akamalizia kwa sentensi moja tamu: Mwisho wake ulinitoa machozi. Gani akaacha kazi yake ya kuchora ramani za nyumba. Sentensi ile akaichapa kwenye jalada la kila toleo lililofuata.

Sasa nakala ilijifunua yenyewe, kurasa zikipinduka mojamoja, ikapita ya kumi na moja, ikapita ya ishirini, ikasimama. Ukurasa wa ishirini na moja ulikuwa mtupu. Wa ishirini na mbili pia, na mbili za mwisho. Mashine ilikuwa imeishiwa wino. Na pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa Gani, palikuwa na maneno mawili: Mbovu. Isiuzwe.

Gani alimpa nakala mbovu kwa bahati mbaya. Na alipousoma uhakiki alijua. Neri alikumbuka jinsi kila mwaka kwenye maonyesho Gani alivyokuja mezani kwake na tabasamu lake la aibu na kuuliza, "Ule mwisho, ulipenda sehemu gani hasa?" Na yeye, kila mwaka, akamjibu, "Wote, Gani. Wote."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, ikawa kubwa kuliko woga. Aliinuka, akachukua ile bahasha, akatoa toleo la kwanza lililo zima. Akasoma mwisho wake kwa sauti, akieleza picha kwa picha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mlinzi, mwanamke wa tope aliyepoteza mtoto kwenye mafuriko, anasimama ukingoni. Jua linachomoza. Anatabasamu. Akafungua la pili: jua linachomoza, anatabasamu. La tatu, la nne, mpaka la saba. Miaka sita mtu mzima alikuwa akimaliza hadithi zake kwa jua lilelile, kwa kuwa mhakiki mmoja alimwambia limemliza.

"Ni mwisho mbaya, Gani," alisema. "Mvivu. Yule mama amepoteza mtoto, atatabasamu vipi? Mkono wako ni mzuri, maji yako yanatisha, lakini ukifika mwisho unaogopa unakimbilia jua. Ningekuambia miaka sita iliyopita ungebadilisha. Sikuusoma. Nisamehe."

Mwanzi ukalia, kitambaa kikainuka, na harufu ikaondoka yote kwa mkupuo. Chumbani Tiya Sepa alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akataka kahawa.

Siku tatu bibi alipumua kama msichana. Alifagia ua, alimsengenya Aling Bining, alimtania Neri kwamba sasa apate mgeni wa kiume aliye hai. Neri alilala mchana kutwa bila ndoto. Siku ya nne, kabla ya kwenda kumrudishia Odette bahasha yake, alizihesabu katuni zilizomo, na toleo la nane, lile lililokuwa karatasi zilizolegea, akalikuta limebanwa. Stepla mbili, zimenyooka vizuri.

Alilifungua huku amesimama. Kurasa nne za mwisho zilichorwa kwa penseli. Hapakuwa na jua. Mlinzi alitoka mtoni akaingia kwenye nyumba yenye feni na mapazia yaliyofungwa. Kitandani alilala bibi kizee, na chini ya kitanda palikuwa na ndala mbili, moja nyekundu, moja ya buluu, kwa sababu Tiya Sepa aliyekatikiwa na ndala mbili za jozi tofauti hakukubali kutupa zilizobaki. Mlinzi alimbeba bibi kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, kwa uangalifu wote alioukosa siku ya mafuriko, akaingia naye majini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ndala moja ukingoni na mwanamke amepiga magoti, mgongo wake kwa msomaji. Hapakuwa na neno.

Katika miaka tisa Neri hakuwa ameona kurasa nne nzuri kama zile. Machozi yalimtoka yakadondoka juu ya penseli. Chini kabisa, kwa mwandiko wa aibu, paliandikwa: Na huu je?

Ilikuwa saa tisa. Harufu ya fotokopi ilikuwa imeshajaa. Mwanzi ulilia nyuma yake, na chumbani kifua cha bibi kilianza kukwaruza, kwa nguvu kuliko siku zote.

Alikumbuka aliyoambiwa na Aling Bining: akidanganywa hatoki; na akiambiwa ukweli ataondoka, safari hii na bibi. Alijifuta uso kwa kiganja, haraka, kabla ya kugeuka.

"Mbaya," alisema. "Haunigusi kabisa. Rudia, Gani."

Kisha penseli ikaanza kukwangua karatasi, polepole, kwa utii, na chumbani kifua cha bibi kikafunguka.

Sasa Neri halali tena mchana. Kila saa tisa huvuta kiti cha pili, huvaa miwani, na kusoma kurasa nne mpya ambazo daima ni nzuri kuliko za jana, hujifuta macho, na kusema kwamba hazifai. Kutoka chumbani Tiya Sepa huuliza kama mgeni amekula.