Sukari Nguru kwenye Rejeta

Kila jioni nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumshika Kukhu mkono na kumtoa nje apunge hewa. Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzazi wa Baba. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kwa miaka sita, nami, Khalayi, niliyekuwa darasa la sita mwaka huo wa 1994, ndiye niliyemwongoza. Nilimpeleka chooni, nikampeleka kanisani, nikamwonyesha ugali ulipo kwenye sahani. Sikunung'unika, lakini kusema kweli kila kazi niliifanya mbio mbio ili nikacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzangu. Haraka hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Wiki hiyo, nyumbani kwetu Kabras hakukuwa na habari nyingine ila madaktari wa macho. Walikuja hospitalini mjini Kakamega mara moja tu kwa mwaka, na Kukhu alikuwa ameandikwa afanyiwe upasuaji siku ya Alhamisi. Tuliagizwa tumfikishe kabla ya saa sita mchana. Aliyechelewa nafasi yake hupewa mwingine, naye husubiri mwaka mzima.

Baba, Phineas Shikanga, alikuwa na pikapu ya Pijo iliyonizidi umri. Jumatano jioni aliamua kubadilisha maji ya rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza injini, kwa sababu yalikuwa mekundu kwa kutu. Alijilaza chini ya gari, akafungua kizibo cha chini, maji yakamwagika yote. Kisha akanipa kile kizibo na kimpira chake cha mviringo. Akaniagiza nivioshe, nivirudishe, nikaze kwa vidole tu, halafu nijaze maji safi. Mikono yangu myembamba ilipenya pale ambapo yake ilikwama. Yeye akaitwa shambani, maana trela ya miwa ilikuwa imezama topeni.

Niliosha upesi upesi huku wenzangu wakiniita. Nikamwaga maji ya beseni kwenye nyasi, na kimpira kikaenda nayo. Nilikitafuta kidogo tu, nikachoka. Nikafunga kizibo hivyo hivyo na kujaza maji. Yakadondoka. Nikachukua koleo, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Yakazidi kudondoka.

Hapo nikajiona nina akili kuliko mafundi wote wa mji wetu wa Malava. Jikoni kulikuwa na bonge la sukari nguru, ile inayopikwa kwa maji ya miwa. Mtoto gani wa kwetu asiyejua jinsi inavyonata? Ikikauka kwenye sufuria, utaikwangua kwa kisu mpaka mkono ufe ganzi. Basi nilimwaga maji yote tena, nikayeyusha kipande kwenye kijiko, nikakipaka kuzunguka kizibo na kungoja kigande. Nilipojaza maji, halikutoka hata tone moja. Baba aliporudi aliuliza kama kimpira kimekaa vizuri.

"Sawa kabisa, Baba," nikamjibu.

Alfajiri nilikuta kidimbwi chini ya gari. Nilikifukia kwa mchanga, nikaongeza maji kabla Baba hajaamka. Jioni ile nilikuwa mwoga, lakini asubuhi hii nilikuwa mwongo, tena mwongo wa kujitayarisha. Baba alifungua rejeta, akaona imejaa, akaridhika.

Tuliondoka saa tatu. Kukhu alivaa gauni lake la Krismasi. Nilikaa katikati, nimemshika mkono. Barabara ya kwetu hadi lami ni ya udongo tupu, miwa kushoto, miwa kulia, na baada ya mvua haipitiki kwa gari la abiria. Tulikuwa nusu ya safari tu ya kufika lami, mvuke ulipofoka chini ya boneti. Baba akazima injini mara moja.

Kukhu akainua pua. Akasema anasikia harufu ya sukari inayoungua. Baba akamjibu kwamba labda kuna watu wanaopika sukari nguru karibu na hapo.

Baba akachungulia chini. Kila kitu kilikuwa kimelowa, hata hakujua maji yameanzia wapi. Akatokea Elkanah, dereva wa trekta aliyekuwa akipeleka miwa kiwandani, upande ule tulikotoka sisi. Alisimama, akainama, akatikisa kichwa. Kwa maoni yake pampu ya maji ilikuwa imekufa, na pampu haitengenezwi njiani. Akajitolea kutuvuta kwa kamba hadi nyumbani. Baba alitazama saa yake, akamtazama mama yake asiyeweza kutembea hata kilomita moja kwa maumivu ya nyonga, akakubali. Sijawahi kumwona Baba akiwa na uso ule.

Elkanah akaanza kufunga kamba. Kukhu akaniachia mkono, akakunja kitambaa chake cha kichwa juu ya magoti.

"Basi, itakuwa mwaka ujao," akasema. "Kama Mungu atakuwa bado ananihifadhi."

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi peke yangu nilijua kwamba pampu haikuwa na tatizo lolote. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, Baba atanichapa mbele ya Elkanah. Nikashuka garini.

"Baba, si pampu. Ni kizibo cha rejeta," nikasema. "Nilipoteza kimpira, nikaziba kwa sukari nguru."

Elkanah akaacha kamba. Baba hakuninyanyulia mkono. Ingekuwa afadhali angenichapa. Aliniuliza jambo moja tu, kama kizibo chenyewe kimevunjika. Nikasema hapana, nilikikaza tu kwa koleo.

Kuanzia hapo hakuna aliyenisemesha isipokuwa kunituma. Tulisubiri injini ipoe, kwa maana Baba alisema ukimimina maji baridi kwenye injini yenye moto unaweza kuipasua. Kusubiri kule kulinitesa kuliko kitu chochote. Kisha Baba akafungua kizibo na kukisafisha mpaka mabaki yote ya sukari yakaisha. Elkanah akatoa kipande cha tyubu kuukuu kwenye sanduku la trekta. Baba akakata kimpira kipya kwa kisu, akakivalisha kizibo, akakifunga kwa vidole, kisha akamalizia kwa spana kidogo tu. Mimi nilichota maji kwenye kijito mara tatu, nikikimbia kwenda na kurudi. Tulijaza, tukainama sote watatu kutazama. Palikuwa pakavu.

Tulifika hospitalini saa saba kasorobo. Muuguzi, Sista Jerotich, alikuwa ameshafunga daftari. Akauliza kwa nini tumemleta mgonjwa saa hizo. Baba alifungua mdomo, nami nikamtangulia. Nikasema kosa ni langu, nikaeleza yote, mpaka lile dimbwi nililofukia. Sista hakucheka. Akasema hawezi kutuahidi chochote. Tukae kwenye benchi, na mgonjwa yeyote akikutwa na shinikizo la damu la juu, asiweze kupasuliwa, huenda Kukhu akachukua nafasi yake.

Tulikaa. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Kila mlango ulipofunguliwa niliinuka, na kila mara aliitwa mtu mwingine. Nikaanza kulia kimya kimya. Kukhu alijuaje, sijui, lakini aliutafuta mkono wangu akaushika.

"Ile harufu niliitambua tangu tulipotoka nyumbani," akaninong'oneza. "Nimepika sukari nguru miaka mingi, na jana jioni nilikusikia ukiiyeyusha jikoni."

Nikamuuliza kwa nini hakusema wazi, na macho ni yake.

"Ningesema mimi, baba yako angetengeneza gari tu. Wewe ungebaki vile vile. Nilikuwa nakungoja, Khalayi. Ulikaribia kunichosha."

Baba alikuwa amesikia. Kwa mara ya kwanza tangu barabarani, akanigeukia.

"Kupoteza kimpira si kitu, mwanangu. Hata mimi nimepoteza vingi," akasema. "Gari likiharibika nitalitengeneza. Lakini ukinificha palipoharibika, nitatengeneza nini? Ningefungua pampu nzima, na mama yangu angebaki gizani kwa ajili ya kipande cha mpira. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie kabla hakijaharibika kingine."

Saa kumi na dakika kumi Sista Jerotich akaita jina la Kukhu. Alikuwa wa mwisho siku hiyo.

Siku iliyofuata walimfungua bendeji jicho moja. Alipepesa jicho, akaangalia dirisha, akamwangalia Baba, halafu akaniangalia mimi tangu nywele hadi miguu. Mara ya mwisho aliponiona nilikuwa mtoto wa miaka sita. Akasema nimerefuka, na kwamba viatu vyangu ni aibu tupu. Baba akacheka mpaka akajifuta machozi.

Tulipotoka hospitalini, Baba aliwasha injini, akaniambia nikakague kizibo. Kukhu alikuwa ameshakaa, ana hamu ya kuona njia nzima ya kwenda kwake, na wingu la mvua lilikuwa linakuja. Nikajilaza chini. Kwenye ukingo wa kizibo kulikuwa na tone moja dogo. Nikalifuta kwa kidole, nikasubiri. Likarudi.

Nikainuka, nikaenda dirishani kwa Baba.

"Bado kinavuja kidogo," nikasema.

Baba akazima injini, akashuka na spana yake.